Kiti Kilichohama Dukani

Siku kinyozi alipoamua kukihamishia nyumbani kiti chake cha kazi, fundi viatu wa kibanda cha jirani, yule ambaye mtaa mzima ulimwita Soli, alidhani mzee wa watu amechanganyikiwa.

"Sasa wateja utawakalisha wapi, Mzee Wembe? Mapajani?"

"Kwenye benchi."

"Benchi halina mgongo. Mtu akisinzia anaanguka, na wewe una wembe mkononi. Utaua."

"Shika huko chini, acha maneno."

Soli akashika. Kilikuwa kiti cha chuma, kizito kama dhambi, kimevikwa ngozi nyekundu iliyong'aa kwa kufutwa. Chini kilikuwa na pedali ya kukipandisha na kukishusha. Mgongo wake ulilala nyuma taratibu mkono wa pembeni ulipovutwa, na juu kabisa palikuwa na egemeo lililopokea kisogo cha mtu kama kiganja. Mtaani hapakuwa na cha pili. Kinyozi alikinunua ujanani kwa kujinyima, na tangu hapo kila asubuhi alikifuta kiti kabla ya kufuta kioo.

Walikibeba wakitua na kupumzika, wakitua na kupumzika. Katikati ya njia Soli akajibwaga juu yake, akafumba macho, akasema kwa sauti ya bwana mkubwa, "Ndevu tu, kijana. Na mikono isinuke vitunguu." Muuza maji akacheka, mama mmoja mwenye kapu akacheka, na kinyozi mwenyewe akajikuta anacheka mpaka akashika mbavu. Kicheko kile kilimshangaza. Hakuwa amecheka tangu mkewe alipoanguka jikoni na sufuria mkononi.

Kilikuwa kiharusi. Upande wa kulia ulikuwa umekufa, mdomo umekwenda upande, na maneno yamekauka. Akili ilikuwepo yote. Macho yake yalimfuata mtu chumbani, yakakasirika, yakaomba, yakatania. Sauti ndiyo haikutoka, isipokuwa mlio mmoja tu, "aa", uliobeba kazi za maneno yote yaliyopotea. Hospitali walikaa naye mpaka alipotulia, kisha muuguzi akamkabidhi kinyozi mgonjwa wake pamoja na maelekezo: chakula laini, kidogo kidogo, na asilishwe akiwa amelala. Akalishwe kitako.

Hapo ndipo kinyozi alipovitazama viti vyake vya plastiki na kuona aibu. Siku ya kwanza mke aliporomoka kama nguo iliyoponyoka kwenye kamba, na uji wote ukaishia kifuani. Lakini ni nani mjini aliyejua kumkalisha mtu kuliko yeye? Watoto wenye mateke, wazee wanaotetemeka, walevi wasiojua kichwa chao kiko wapi, wote walitulia kwenye kiti kile. Basi kiti na kije nyumbani. Wateja na wakae bila mgongo. Mkewe akae kama malkia.

Wawili hawa walikuwa na desturi yao ambayo hawakuwahi kumwambia mtu kwa kuona haya. Jioni, kinyozi akishavua viatu, mke alimuuliza, "Leo umeokota nini?" Hakuwa anauliza habari ya fedha. Alitaka jambo dogo la siku hiyo lililomfurahisha mumewe, na hakukubali jibu la hakuna. "Mteja amelala mpaka amekoroma," kinyozi angesema. Au, "Mvua imenisubiri nikaanua taulo zote, ndipo ikanyesha." Mke naye angetoa la kwake: kifuniko cha sufuria kilichopotea kimeonekana, au chumvi imekubali mara moja bila kuongezwa. Siku zenye ukame walibishana.

"Hilo si la kuokota, hilo la kawaida."

"Kwani nilisema ni dhahabu?"

Walifiwa na watoto wawili wakabakiwa na binti mmoja, walifukuzwa kwenye nyumba za kupanga, waliwahi kulala na njaa. Na siku zote hizo jioni ilipofika palipatikana kitu cha kuokota, hata kama ni kidogo kama punje.

Sasa kinyozi aliuliza yeye na kujibu yeye. Alikaa ukingoni mwa kitanda akasema, "Leo tumeokota nini, bibie? Umevuta shuka mwenyewe kwa kidole. Nimeona, usikatae." Au, "Soli amekutukana dirishani ukacheka. Kwa nusu mdomo, lakini umecheka." Mke alimtazama akasema "aa", na kinyozi akaamua kwamba amekubali.

Penye chakula tu ndipo palipokuwa pagumu.

Alifanya kazi ile kwa adabu zote za ufundi wake. Alimbeba mke akamketisha kitini, akamfunga taulo shingoni, akakanyaga pedali mpaka kiti kikapanda na kufika usawa wa kiuno chake. Mke alianza pale pale, "Aa. Aa. Aa."

"Najua, una njaa. Subiri."

Kisha alivuta mkono wa pembeni, mgongo wa kiti ukalala kidogo, na kwa vidole viwili chini ya kidevu akakiinua kichwa cha mkewe mpaka kisogo kikakaa kwenye egemeo. Alifanya hivyo bila kuwaza, kama mtu anavyofunga kifungo cha shati. Mdomo ulifunguka wenyewe. Uji uliingia wote, halikudondoka hata tone. Siku ya kwanza aliona jambo hilo akafurahi kupita kiasi, na jioni akaliokota: "Leo taulo limebaki kavu, bibie! Kavu kabisa! Umeona kiti kilivyo na akili?"

Kijiko cha kwanza kilipita, labda na cha pili. Halafu mke akapaliwa. Kikohozi kilimtikisa mwili wote, uso ukaiva, mishipa ya shingo ikasimama, macho yakamtoka. Kinyozi alimpiga mgongoni, akamfuta, akamwambia pole, pole mke wangu, akangoja apumue. Kisha akainua tena kidevu kwa vidole viwili. Ilikuwa hivyo asubuhi, mchana na jioni, na kila siku mashavu ya mke yalizidi kuingia ndani.

Homa ikaja. Wakarudi hospitali, na daktari, binti mdogo mwenye sauti ya upole na uchovu mwingi machoni, akasikiliza kifua.

"Chakula kinaingia kwenye mapafu, mzee. Yakijaa tena na tena mwili hautastahimili."

"Nifanye nini, daktari?"

"Akae wima. Kidogo kidogo, laini."

"Ndivyo ninavyofanya."

"Basi endelea hivyo hivyo. Wengine kumeza kunarudi, wengine hakurudi."

Kinyozi hakusema uongo. Kwake yeye, mtu aliyekaa kwenye kiti kile alikuwa amekaa vizuri kuliko mtu yeyote duniani.

Wiki iliyofuata binti yao alipiga simu. Alikuwa akifanya kazi nchi ya mbali, na sauti yake ilifika ikiwa imekatika katika.

"Baba, nimeongea na mama mkubwa. Anakuja kumchukua mama."

"Kumchukua kumpeleka wapi?"

"Kwake. Pale wako wanawake wengi, watapokezana. Wewe uko peke yako, baba, na kazi unayo."

"Mke wangu ana nyumba."

"Anakwisha, baba. Niliona picha uliyonitumia. Ulisema ananawiri."

Ile picha aliituma kwa sababu mke alikuwa amechanwa nywele vizuri.

"Mwambie aje aone kwanza," akasema. "Akimkuta anakula, arudi alivyokuja."

"Na akimkuta hali?"

"Atakula."

"Baba, nakuuliza. Asipokula?"

"Sitabishana."

Alikata simu, akabaki ameishika. Kwa shemeji yake ni safari ya kutwa nzima. Nyumba ile imejaa wajane, mabinti na wajukuu mpaka sebuleni, hakuna pa mwanamume kulaza ubavu, na dawa za mgonjwa zilitegemea wembe wake. Mke akiondoka atamwona kwa nadra. Na kwa mtu wa hali ile, nadra huenda ikawa mara moja au isiwe kabisa. Basi alikuwa na siku chache za kumfanya mkewe ale.

Siku zile alihangaika kama mtu anayezima moto. Uji akaufanya mwepesi, mke akapaliwa. Akaufanya mzito, akapaliwa. Akaponda viazi kwa maziwa, akachuja supu, akapoza chai, akabadilisha kijiko kikubwa kwa kidogo. Kila akishindwa alirudi kwenye kiti: akailainisha pedali kwa mafuta, akalifunga egemeo kwa taulo laini, akalaza mgongo kidogo zaidi ili mgonjwa asichoke. Soli alipita akamkuta amelala chini ya kiti anakaza skrubu.

"Mzee Wembe, unamtengeneza mkeo au unatengeneza gari?"

"Ondoka hapa."

"Naondoka. Ila nawe ule. Umebaki pua."

Shemeji akaja. Alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili, dada mkubwa wa mkewe, magoti yamemharibikia kwa kubeba mizigo ya watu. Aliingia mlangoni kwa ubavu.

"Shemeji, umezeeka," akasema kabla ya salamu.

"Nawe mlango umekukataa."

"Mlango wenyewe mwembamba kama ukarimu wenu." Akacheka, akamtafuta mdogo wake kwa macho, na kicheko kikakatika njiani. Alikwenda akamshika mashavu. Kisha akageukia kiti. "Na hiki? Mdogo wangu anangoja kunyolewa?"

"Hicho ni kiti bora kuliko vyote mtaani."

"Sijasema kibaya."

Mchana ule kinyozi aliandaa viazi laini kama mafuta. Alinawa mikono mpaka kwenye viwiko. Alimketisha mkewe, akamfunga taulo safi, akakanyaga pedali. "Aa," mke akasema. "Aa! Aa!"

"Umeona anavyokitaka chakula?" kinyozi akamwambia shemeji. Akainua kidevu. Kijiko cha kwanza kikapita na moyo wake ukaruka. Cha pili kikapita. Akamtupia shemeji jicho la ushindi. Cha tatu kilipoingia mke akapaliwa vibaya kuliko siku zote, mpaka midomo ikabadilika rangi, na wote wawili wakamkimbilia, huyu mgongoni, huyu kifuani, wakiita jina lake. Pumzi iliporudi ilirudi kwa mlio kama mlango usiotiwa mafuta.

Shemeji aliokota kijiko sakafuni, akakipeleka jikoni. Hakusema neno, na kinyozi angependa aseme.

Kesho yake alilazimika kwenda dukani, maana dawa zilikuwa zinakwisha. Alinyoa watu kwenye benchi. Mteja mmoja, karani mnene, alilalamika shingo inamuuma kwa kukosa pa kuegemea. "Kiti umekiuza, mzee?"

"Kiko likizo," Soli akajibu kutoka kibandani. "Kimeoa."

Kinyozi hakucheka. Alimaliza kazi haraka, akafunga duka jua likiwa bado kali, akatembea nyumbani huku masikio yametangulia. Alizoea kusikia kikohozi kabla hajafika mlangoni. Siku hiyo palikuwa kimya, akaongeza mwendo. Akasukuma mlango.

Mkewe alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mito imemzunguka kila upande kama mzigo wa vyombo vya kioo. Kiti chekundu kilikuwa kimesukumwa kwenye kona. Shemeji alikuwa amekaa mbele ya mgonjwa kwenye kigoda kifupi cha kufulia, chini kabisa, magoti yamepanuka, bakuli mapajani. Ili amwone, mke aliinama. Kidevu kilikuwa kimekaribia kifua. Alikuwa mchafu: uji kidevuni, kifuani, kwenye mikono ya shemeji, kila mahali. Na alikuwa anakula. Kijiko kiliingia, nusu ikarudi nje, nusu ikabaki. Koo likapanda, likashuka. Shemeji akaongeza. Koo likapanda, likashuka.

"Karibu," shemeji akasema bila kugeuka. "Usikanyage, tumemwaga."

"Kwa nini hukumkalisha kwenye kiti?"

"Kile? Nisimame muda wote ule, na magoti haya? Nimetafuta pa kukaa mimi kwanza. Umwone alivyolowa, kama tumeoga wote wawili. Lakini amekula, shemeji. Amemaliza bakuli, hili la pili."

Kinyozi alisimama pale na funguo mkononi. Ilimpasa afurahi, na furaha ilimjia kweli, ikapanda mpaka kooni. Ikakutana na kitu kingine kilichokuwa kinashuka.

Walipomlaza mke na shemeji akaenda kujinyoosha chumba cha pili, kinyozi alikiendea kiti kwenye kona. Katika maisha yake yote alikuwa ameketi humo mara chache, wakati wa kujipumzisha tu. Akaketi. Akavuta mkono wa pembeni, akalala nyuma mpaka egemeo likampokea, akainua kidevu kwa vidole vyake viwili, kama anavyofanya. Dari lilikuwa na doa la mvua ambalo hakuwahi kuliona. Akachukua kikombe cha chai iliyopoa, akajimiminia mdomoni bila kuinua kichwa.

Chai haikungoja kumezwa. Ilikimbia nyuma yenyewe, kama maji kwenye mfereji, ikapita isipotakiwa. Akapaliwa. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, mpaka akateleza kitini akapiga magoti sakafuni.

"Nani huyo?" shemeji akaita kwa hofu. "Ni yeye?"

"Ni mimi," kinyozi akasema alipoweza.

Yeye alikuwa na koo zima, alikuwa na pande zote mbili za mwili, alikuwa na mikono ya kujishika. Alibaki amepiga magoti, kikombe kimemwagika, na siku zote zile zikapita mbele yake moja moja, na taulo lake kavu. Shingo ya mtu aliyeinua kidevu ndiyo shingo nzuri ya kunyoa. Ngozi inakaza, koromeo linajitokeza, wembe unapita bila kukwama. Alikuwa akimwandaa mkewe kwa wembe, mara tatu kwa siku.

Shemeji alikuja akasimama mlangoni akijishikilia ukutani. Kinyozi alimweleza yote, kwa maneno machache, bila kumtazama. Shemeji akakiokota kikombe.

"Ungenyamaza tu nisingejua."

"Ningejua mimi."

"Basi sasa umejua. Kaa kwenye kigoda, umlishe. Nani amekukataza?"

Ndivyo kinyozi alivyotaka iwe. Jioni, kabla jua halijazama, alimpanga mkewe na mito, akakivuta kigoda, akakaa chini. Alikaa kama mwanafunzi wa kazi siku ya kwanza. Akachota uji. Mke alikuwa anamtazama. Na hapo mkono wa kushoto wa kinyozi, bila kuulizwa, ukatoka mapajani, ukapanda, vidole viwili vikaenda moja kwa moja chini ya kidevu.

Mke akafumba mdomo. Alifumba ule upande mzima kwa nguvu zake zote, akageuza uso, na kutoka puani ukatoka ule mlio: "Aa. Aa. Aa."

Kinyozi aliujua mlio huo. Ulianza kila mara alipokanyaga pedali. Akayatazama macho ya mkewe kwa karibu, kwa kimo hiki kipya cha chini, na hakuona njaa ndani yake. Aliona hofu. Siku zote zile alikuwa akimwomba asimfanyie hivyo, kwa neno pekee alilobakiwa nalo, na yeye akimjibu subiri.

Aliuondoa mkono. Alijaribu tena, na mkono ukapanda tena. Ulikuwa umefanya kazi ile kwa miaka mingi kuliko ndoa yao. Mke hakufungua mdomo. Kinyozi akaweka bakuli chini.

"Nipe mimi," shemeji akasema taratibu. Kinyozi akampisha kigoda. Mdomo ukafunguka.

Jioni ile kinyozi hakuuliza swali lolote ukingoni mwa kitanda. Alikaa tu. Mke alikuwa na joto kidogo mwilini, masalia ya kile kilichoingia kifuani jana, na pumzi yake ilikuwa na mchanga. Alipolala, kinyozi akamfuata shemeji jikoni.

"Mchukue," akasema.

"Shemeji, mimi sikuja kukunyang'anya mke."

"Najua. Ananiogopa."

"Ataacha. Mpe muda."

"Muda anao?"

Shemeji alitazama masufuria. Akapiga simu kuita gari.

Asubuhi gari la kukodi lilifika mapema, dereva akapakia mito na mabegi, akakisogeza kiti cha mbele ili mgonjwa akae kwa nafasi. Mke alikuwa amevikwa, amechanwa. Shemeji alikuwa amepika uji, na aliposhika kigoda kinyozi akasema, "Niache. Mara hii tu."

Akakaa chini. Akauweka mkono wa kushoto chini ya paja lake, akaukalia kwa uzito wake wote. Mke alitazama pale mkono ulipopotelea. Akamtazama usoni. Kinyozi alikishika kijiko kwa mbali, chini, karibu na kifua chake mwenyewe, akangoja.

Mke akainama. Mdomo ukafunguka.

Uji uliingia, ukamwagika upande mmoja, ukabaki upande mwingine. Koo likapanda. Likashuka. Kinyozi alishika pumzi, akangoja kikohozi. Hakikuja. Akachota tena. Koo likapanda, likashuka. Hakikuja. Cheko likamtoka kinyozi, cheko la ajabu, la puani, la mtoto, na uji ukamrukia kwenye shati kwa sababu mke naye alikuwa anacheka kwa ule upande wake mzima.

"Shemeji!" akaita. "Shemeji, njoo uone! Anameza! Kwangu anameza!"

Shemeji alikuwa mlangoni. Alikuwa ameona. "Naona," akasema. Nyuma yake dereva aliuliza kitu. "Tayari?" shemeji akauliza kwa sauti ya chini.

"Bado anakula."

Alichota tena, na ndipo alipoona bakuli. Lilikuwa limefika katikati. Mpaka jana kinyozi aliomba bakuli liishe, aliliombea kwa Mungu. Sasa alitazama uji unavyoshuka na kila kijiko kilichopita salama kilimpeleka mkewe hatua moja karibu na gari. Angeweza kusema abaki. Neno lilimfika ulimini. Lakini mkono aliokuwa ameukalia ulikuwa umekufa ganzi, na hata katika ganzi hiyo aliusikia unataka kutoka.

Akaanza kuchota kidogo. Nusu kijiko. Kisha robo. Kisha ncha tu, kama mtu anayeonja chumvi, na kati ya kijiko na kijiko alimfuta mkewe mdomo taratibu, akampangusa kidevu kwa taulo, akamnyoosha kola ya nguo. Honi ikalia nje. "Bado anakula," akasema, ingawa hakuna aliyeuliza.

Mke akakitazama kijiko kilicholetwa, kilichokuwa na unyevu tu. Akamtazama mumewe. Akakunja uso.

"Aa," akasema, kwa hasira, kama mwanamke aliyepunjwa sokoni.

Hii ilikuwa njaa. Kinyozi aliitambua mara moja, hakuna kitu kingine kilichofanana nayo.

"Sawa, bibie," akasema. "Sawa, usinigombeze."

Akakijaza kijiko mpaka kikamwagika, akampa. Akakijaza tena, akampa, na tena, mpaka chuma cha kijiko kikagusa kitako cha bakuli. Dereva akawasha gari.